Kahawa ya Rohero Huharibikia Kilimani

Mwenye mkahawa mtaani Rohero, Bujumbura, ananunua mashine ya bei kubwa, anafundisha vijana kazi, halafu mteja anaonja na kusukuma kikombe pembeni: kahawa inanuka kiazi kibichi. Mashine haina kosa. Harufu hiyo huhusishwa na mdudu antestia, anayetoboa matunda ya kahawa yakiwa bado mtini huko Kayanza au Ngozi, kaskazini mwa Burundi. Punje moja yenye dosari yatosha kuharibu kikombe kizima, na ikishakaangwa huitambui kwa macho.

Ndiyo maana fedha inayomfikia mkulima naihesabu kuwa mtaji wa mkahawa. Mdudu huyo hupunguzwa shambani kwa kupogoa mibuni na kuokota wadudu kwa mkono. Kwenye kituo cha kuoshea kahawa, matunda humwagwa kwenye maji. Mepesi, yakiwemo mengi yaliyotobolewa, huelea na kuopolewa. Yaliyozama huchambuliwa, humenywa siku ileile, kisha punje huchachushwa, huoshwa na kuanikwa vichanjani, ambako wachambuaji, wengi wao wanawake, huinama saa nyingi wakitoa zenye kasoro. Kilo moja ya kahawa iliyokobolewa hutokana na kilo sita au saba za matunda, zote zimepita mikononi mwa watu. Mkulima anayelipwa baada ya miezi, au anayepunjwa kwenye mizani, huvuna mbivu na mbichi pamoja ili apate uzito, au huuza kwa magendo ng'ambo ya mpaka. Kituo kinakosa mzigo, nawe unakosa ubora.

Kabla hujalipia gunia, uliza limetoka kituo gani, msimu gani, na wakulima walilipwa lini. Muuzaji makini ataonyesha daftari au stakabadhi za ushirika. Akikujibu tu kwamba ni kahawa ya Kayanza, nenda kwa mwingine. Tandaza sampuli kwenye sahani nyeupe, utafute matundu na madoa meusi. Dukani, saga kila kikombe peke yake na unuse kabla ya kumwaga maji. Unga ukinuka kiazi, utupe na usafishe kinu: umepoteza gramu chache, mteja umebaki naye. Kisha andika daftarini mwako gunia lililotoa unga huo. Msimu ukiisha, daftari hilo litakuonyesha ni kituo gani chenye bei ya chini kinachokugharimu zaidi kuliko vingine.

Anayeuza nje ana sababu nyingine ya kutunza kumbukumbu. Tangu Burundi iingie kwenye mashindano ya Cup of Excellence mwaka 2012, shehena ndogo zinazojulikana zilikotoka zimepata wanunuzi wanaolipa zaidi. Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na shamba lionyeshwe kwenye ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Tumieni nafasi hiyo kupima mashamba.

Kuhusu vifungashio, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa agizo la rais la Agosti 2018, basi zoea karatasi. Akiba nayo igawe: soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, waliokuwa na bidhaa zote mle walipoteza kila kitu. Tena mafuta yakiadimika, lori la kutoka Ngozi halina tarehe ya kufika, kwa hiyo weka mzigo wa wiki kadhaa mahali pakavu.

Ukiweza, ungana na wenye mikahawa wenzako mkubaliane na ushirika mmoja kwa misimu kadhaa, bei ijulikane na sehemu yake itolewe mapema. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya Machi, matunda hayajaanza kuiva, maana ndipo mkulima anapotafuta fedha ya vibarua.