Mahame ya Engaruka: Nafasi ya Istilahi katika Kufasiri Mabaki ya Kale ya Kilimo

1.0 Utangulizi

Engaruka ipo kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, pale vijito vitokavyo katika nyanda za juu za Ngorongoro vinaposhukia tambarare kavu. Wakulima waliishi hapo tangu takriban karne ya 15 hadi karne ya 18. Mabaki ya makazi yao huitwa "magofu", na pengine "mji". Makala haya yanadai kwamba istilahi hizo zinapotosha ufasiri wa mabaki yenyewe, na yanapendekeza neno "mahame".

2.0 Mabaki Yenyewe

Mabaki hayo ni ya aina mbili. Kwanza, kwenye mteremko kuna vijiji saba ambavyo nyumba zake zilisimama juu ya majukwaa ya mawe yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Nyumba zenyewe hazikubaki, kwa kuwa zilijengwa kwa vitu vinavyooza. Pili, chini ya vijiji kuna mashamba ya takriban hekta 2,000, yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kunyweshwa kwa mifereji. Mtama ulilimwa humo. Mazizi ya mawe nayo yanaashiria ufugaji wa ng'ombe, ambao samadi yao yamkini ilirutubisha mashamba. Aidha, uchunguzi wa Daryl Stump umeonyesha kuwa baadhi ya mashamba yaliundwa kwa kunasa udongo uliochukuliwa na maji. Kwa hiyo, wakulima hao hawakulima ardhi tu, bali waliitengeneza.

3.0 Istilahi na Ufasiri

Louis Leakey, aliyechunguza mahali hapo mwaka 1935, alikadiria wakazi zaidi ya 30,000. Baadaye John Sutton alikadiria elfu chache tu, akizingatia kwamba mashamba yote hayakulimwa kwa wakati mmoja. Neno "mji" linarithi kadirio la kwanza bila ya kulihoji. Neno "gofu", kwa upande wake, humkumbusha msomaji kuta za Kilwa au Gedi. Hivyo humfanya atafute majengo na kuyapuuza mashamba, ambayo ndiyo kazi kubwa zaidi ya watu hao.

"Hame" ni mahali palipohamwa. Neno hili halidai kuwapo kwa kuta wala ukubwa wa mji. Hujumuisha nyumba, zizi na shamba, na huelekeza kwenye swali la msingi: kwa nini watu waliondoka? Kupungua kwa maji, kuchoka kwa ardhi na shinikizo la wafugaji ni sababu zilizopendekezwa. Hakuna hata moja iliyothibitishwa peke yake.

4.0 Hitimisho

Istilahi haithibitishi historia. Wasonjo, kwa mfano, wameendeleza kilimo cha mifereji, lakini mfanano huo hautoshi kuwafanya wazao wa watu wa Engaruka, kwani mawe na vigae havitaji lugha ya waliovitumia. Hata hivyo, istilahi sahihi humzuia mtafiti asijibu swali kabla ya kuchimba.