Pembe za picha zinafifia, nifanyeje?

SWALI: Nasafisha picha za nyeusi na nyeupe nyumbani. Katikati zinatoka kali, pembeni zimefifia. Lenzi ya mashine yangu ya kukuzia ni milimita 50, f/2.8. Je, ni mbovu?

JIBU: Usiilaumu lenzi bado. Ikififia pembe moja au upande mmoja, basi negativu, lenzi na ubao wa chini haviko sambamba. Vikague kwa pimamaji. Zikififia pembe zote nne, huenda joto la taa limeibinua filamu. Acha taa iwake kidogo mpaka filamu itulie ndipo urekebishe fokasi, au tumia kishikio cha negativu chenye vioo.

Unaporekebisha fokasi, fungua lenzi hadi f/2.8. Weka kipande cha karatasi yenye unene sawa na ile ya kuchapia chini ya kioo cha kukagulia fokasi, kisha zungusha kirungu cha fokasi taratibu mpaka uone chembe za filamu zenyewe, si kope za mtu. Funga hadi f/5.6 au f/8, ukague tena, kwani baadhi ya lenzi huhama fokasi zikifungwa. Usiende f/16 bila sababu: tundu likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika na ukali hupungua.