Haki ya Njia na Haki ya Ardhi

Huenda wako watakaotuuliza: "Sisi watu wa pwani tuna nini na motokaa zipandazo milima ya Marekani?" Twajibu kwamba elimu haina mpaka, na kosa tutakalolieleza hapa twalitenda sisi pia.

Katika jimbo la Colorado iko njia iitwayo Alpine Loop, yapata maili 65, iunganishayo miji ya Lake City, Silverton na Ouray. Asili yake ni njia za wachimba madini wa karne ya 19, waliopita na nyumbu na magari ya kukokotwa. Leo hupitwa na motokaa ambazo injini yake huzungusha magurudumu yote manne, nazo hufika futi 12,800 hivi katika mahali pa kuvukia mlima paitwapo Engineer Pass.

Huko juu miti haioti. Theluji hufunika ardhi sehemu kubwa ya mwaka, na mimea hupata majuma machache tu ya kukua. Uko mmea uitwao Silene acaulis, ulalao chini mfano wa mto mdogo wa kijani. Waweza kukaa miaka 10 kabla ya kuchanua. Gurudumu likiukanyaga, kazi ya miaka hiyo yote yaharibika kwa nukta moja.

Sasa tutazame kosa lenyewe. Dereva aona dimbwi katikati ya njia. Achelea tope, apita kando juu ya majani. Ajiambia: "Gari moja litadhuru nini?" Wa pili afuata alama zake, na wa tatu vivyo hivyo. Majani yakisha kufa, udongo hauna cha kuushika. Mvua ikinyesha, maji hufuata alama za magurudumu na kuchimba korongo. Njia moja imekuwa mbili, na zote mbili mbovu. Je, si ndivyo tukwepavyo tope katika kijia cha shambani, mpaka tukakanyaga mihogo ya mwenyewe?

Basi yampasa dereva mambo matatu. Kwanza, asitoke njiani. Dimbwi au jiwe alipite polepole papo hapo, na asipoweza, arudi. Pili, akiteremka akamkuta mwenziwe apanda, ampishe, kwani kurudi kinyumenyume mteremkoni ni hatari zaidi. Tatu, ateremkapo atumie gea ndogo, injini ilizuie gari, breki zisipate moto zikashindwa kushika.

Mwaka 1972 Rais Richard Nixon aliziamuru idara zisimamiazo ardhi ya umma nchini humo zibainishe wapi magari haya yaruhusiwa na wapi yakatazwa. Kwa hivyo njia ikiharibiwa yaweza kufungwa. Na ikifungwa, hanyimwi mkosaji peke yake. Hunyimwa pia mzee ambaye miguu haimpandishi tena mlimani, naye hana la kumfikisha kwenye maua yale ila gari.

Ardhi ya wote ina wenyewe wengi, na baadhi yao hawajazaliwa. Tope la gurudumu huoshwa kwa ndoo moja ya maji.