"Ukiogopa, Risasi Itakupata": Utata katika Masharti ya Dawa

1. Utangulizi

Mei 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Uvira. Wengi wao waliingia vitani wakiamini kwamba dawa waliyomwagiwa na mganga ingegeuza risasi kuwa maji. Mwito wao wa vita, "Mai Mulele", ulitaja maji hayo pamoja na jina la Pierre Mulele. Imani kama hiyo ilikuwa imeonekana kusini mwa Tanzania ya leo katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na jina la Mai-Mai bado linasikika Uvira na Fizi. *Maji*, *mayi* na *mai* ni neno lile lile; kinachotofautiana ni matamshi ya mahali.

Makala haya hayaulizi kama dawa ilifanya kazi. Yanauliza swali la wanafunzi wa lugha: masharti yake yalifasiriwaje hata ikawa dawa haishindwi kamwe?

2. Masharti matatu

Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa miezi saba hivi upande wetu. Jina lake la vita lilikuwa Tatu. Katika kumbukumbu zake aliandika masharti ya dawa aliyoyakuta kwa wapiganaji: wasiguse kitu kisicho chao, wasiguse mwanamke, wasiogope. Yeye aliandika kwa Kihispania. Sentensi za Kiswahili zinazofuata hapa nimezitunga kwa ajili ya uchambuzi.

Sharti la kwanza na la pili yana utata wa msamiati. *Kugusa* ni kuweka mkono juu ya kitu, lakini pia ni njia ya heshima ya kutaja tendo la ndoa. Je, mpiganaji aliyepokea sahani ya ugali mkononi mwa mama yake amegusa mwanamke? Na aliyechuma embe njiani kwa njaa, amegusa kitu kisicho chake? Neno halina mpaka ulio wazi, na anayeuweka mpaka ni mfasiri.

Sharti la tatu lina ugumu mwingine. *Kugusa* ni tendo. *Kuogopa* ni hisia. Mtu anaweza kuuzuia mkono wake, lakini moyo haungoji amri. Tena, katika mazungumzo ya kila siku *usiogope* ni neno la kufariji: tunamwambia mtoto usiku radi inapopiga juu ya ziwa. Kwa mpiganaji, maneno yale yale ya faraja yaligeuka kuwa katazo, na adhabu yake ilikuwa kifo.

3. Kiambishi *-ki-* na kosa la kugeuza

Tuchukue sentensi hii: *Ukiogopa, risasi itakupata.* Kishazi tegemezi kinatoa sharti, kishazi huru kinatoa matokeo. Sentensi inaahidi jambo moja tu: palipo na woga, risasi itafika. Haisemi kwamba hakuna njia nyingine ya kupatwa na risasi.

Lakini baada ya vita watu waliisoma kutoka nyuma: *Risasi imempata, basi aliogopa.* Guevara anaeleza kwamba aliyekufa alisemwa kuwa aliogopa, aliiba au alilala na mwanamke. Naye aliona kwamba wafu hawasemi, kwa hiyo kosa lolote linaweza kuwekwa juu yao.

Kiambishi *-ki-* chenyewe kinaongeza utata. Katika *nilimwona akiogopa* kinaonyesha hali inayoendelea. Katika *ukiogopa* hakituambii kama woga wa dakika moja unatosha. Na ni nani aliyekwenda vitani asiogope hata dakika moja? Sharti ambalo kila mtu amelivunja humpa mfasiri jibu la kila kifo.

4. Mfano wa kulinganisha: uganga wa mezani

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao huwa msimamizi anayefasiri kanuni. Uganga wa mchezo huo nao una masharti. Katika toleo la 2014, mtu aliyefanywa asionekane huonekana tena akishambulia au akifanya uganga mwingine. Pia hali hiyo haizidi saa moja.

Hapo pia kuna utata. Mtu asiyeonekana akimfungulia mbwa mkali mlango, je, *ameshambulia*? Wachezaji hubishana. Lakini kosa la kugeuza halipiti kirahisi: mtu akionekana tena, huenda saa imekwisha tu. Kanuni imeandikwa, sababu nyingine zinajulikana, na mchezaji anaweza kumuuliza msimamizi kabla ya kutenda: "Nikifungua mlango huu, nitaonekana?" Naye mshitakiwa yupo mezani, anajitetea.

Kwa dawa ya vita mambo yalikuwa kinyume. Tafsiri ilikuja baada ya matokeo, na aliyehukumiwa hakuwapo tena.

5. Hitimisho

Utata peke yake hauui. Kila lugha inao. Hatari inaanza pale mwenye kufasiri anaposubiri matokeo ndipo aseme sharti lilimaanisha nini. Familia ya marehemu hubaki na huzuni mbili: ya kumpoteza mtoto, na ya kusikia kwamba alikuwa mwoga au mwizi.

Kwa hiyo, mbele ya sharti lolote, tuulize maswali matatu. Neno lake kuu lina mpaka gani? Sharti linasomeka upande mmoja au pande zote mbili? Nani anafasiri, na anafasiri lini?

Zoezi: Mlangoni pa ukumbi wa mtihani pameandikwa *Ukichelewa, hutaingia.* Mwanafunzi mmoja yuko nje. Mwenzake anapita na kusema, "Huyu alichelewa." Onyesha kosa la hoja hiyo, kisha taja sababu nyingine mbili zinazoweza kumweka mtu nje. Asiyekumbuka minervali na asome makala haya tena.