Naitrojeni ya Ng'ombe: Inaingia Kiasi Gani, Inatokea Wapi

Mfugaji wa Mbinga anayenunua urea ya mahindi huku mkojo wa ng'ombe wake ukitiririka nje ya banda analipia kitu kilekile mara mbili. Alishakilipia aliponunua mashudu. Kitu hicho ni naitrojeni, ambayo ndiyo inayojenga protini ya chakula, ya nyama na ya maziwa. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa vizuri hugeuza takribani robo tu ya naitrojeni anayokula kuwa maziwa. Kidogo hubaki mwilini, na sehemu kubwa hutoka kwa kinyesi na mkojo.

Kuipima hakuhitaji maabara. Unahitaji mizani ya kuning'iniza, chombo cha lita na daftari. Tuseme ng'ombe wako anakula kwa siku kilo 35 za matete mabichi, kilo 2 za pumba za mahindi na kilo 1 ya mashudu ya alizeti. Matete mabichi ni maji kwa sehemu kubwa; ukiyakausha utabaki na kilo 7 hivi. Tuseme yana protini asilimia 8 hivi ya uzito huo mkavu, yaani gramu 560. Pumba zitaongeza kama gramu 200 na mashudu gramu 225. Jumla ni gramu 985 za protini. Gawanya kwa 6.25 upate naitrojeni: gramu 158.

Sasa geukia ndoo. Lita 8 za maziwa, kila lita ikiwa na gramu 33 za protini, ni gramu 264. Protini ya maziwa hugawanywa kwa 6.38, nawe unapata gramu 41 za naitrojeni. Gramu 41 kati ya 158 ni asilimia 26. Zimebaki gramu 117. Ng'ombe huyo akiendelea hivyo mwaka mzima, naitrojeni inayopita katika kinyesi na mkojo wake inakaribia kilo 43, na mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Ni karibu mifuko miwili kwa ng'ombe mmoja.

Lakini asilimia peke yake inaweza kukudanganya. Mwezi wa Septemba, majani yakiwa yamekauka, mpe ng'ombe mabua ya mahindi na nyasi ngumu, kilo 8 kavu zenye protini asilimia 6. Atakula gramu 77 za naitrojeni, na akitoa lita 4, gramu 21 zitakuwa kwenye maziwa. Hiyo ni asilimia 27, juu ya yule wa kwanza! Kumbe anakamua mwili wake mwenyewe: anakonda, anachelewa kupata joto, na mimba inachelewa kushika. Kwa hiyo andika mambo matatu pamoja: chakula, lita na hali ya mwili. Futi ya kupimia uzito inayozungushwa kifuani, kila mwezi, inatosha.

Kiangazi cha huku Mbinga, tangu Mei hadi mvua za Novemba, ndicho kinachoharibu hesabu ya mwaka. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi hukosa riziki, na ng'ombe hata hamu ya kula hupungua. Masalia ya maharage yanayobaki kwenye ngoro, yale mashamba ya mashimo ya Wamatengo, baada ya kuvuna yana protini nyingi kuliko mabua ya mahindi. Yahifadhi juu, penye paa, usiyachome. Panda miti ya malisho kama kaliandra au lusina kwenye kingo za shamba la kahawa, ila lusina isizidi theluthi ya chakula kwa sababu ina sumu inayodhuru ikizidi. Wakati wa mvua tatizo hugeuka: majani ni laini, protini inayeyuka haraka tumboni, na bila chakula cha nguvu sehemu kubwa ya ziada huishia kwenye mkojo. Hapo pumba au molasi zina kazi kuliko mashudu, na mfugaji anayeongeza mashudu mwezi wa Februari anatupa fedha.

Mkojo ndio unaopotea upesi. Ukikutana na kinyesi, urea yake hugeuka hewa ya amonia ndani ya saa chache hadi siku chache. Ule ukali unaochoma pua bandani ni mbolea inayoondoka. Tandika majani makavu yaunyonye, lundo la samadi lifunike, na ukilipeleka shambani lifukie siku hiyohiyo. Wamatengo wamekuwa wakifukia nyasi kwenye kuta za ngoro vizazi na vizazi, na samadi inaingia katika kazi hiyohiyo. Lundo lisikae kandokando ya kijito, maana sehemu ya maji ya milima ya Mbinga inateremka hadi Ziwa Nyasa.

Na uzao je, unaweza kupunguza upotevu huo? New Zealand wameuza mbegu za madume waliochaguliwa kwa kupima urea ndani ya maziwa, kipimo ambacho kwa kiasi fulani hurithiwa. Hata hivyo chakula hukibadili kipimo hicho kuliko damu, na wataalamu wanabishana kama urea kidogo kwenye maziwa ina maana ya naitrojeni kidogo kwenye mkojo. Kwa mfugaji wetu, mimi naona njia iko karibu zaidi. Ng'ombe mkubwa hula sana ili tu aendelee kuishi, hata siku asizokamuliwa. Anayezaa kila baada ya miaka miwili anakula miezi mingi bila maziwa. Basi bakiza mitamba ya mama mwenye umbo la wastani, anayezaa karibu kila mwaka, anayedumu na maziwa hata Septemba. Kwenye baridi ya Mbinga damu ya kizungu inaweza kuwa nyingi. Mbamba Bay na Liuli, kwenye joto la ziwani, chotara wa Jersey na ng'ombe wa asili anafaa kuliko Friesian mkubwa.

Mbegu huzalishwa katika kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River, Arusha, nawe huzipata kupitia afisa mifugo. Mwambie unachotaka kabla ng'ombe hajapata joto: aina, umbo, na jina au namba ya dume aliyetangulia. Hiyo namba ya dume iandike daftarini kila mara. Kijiji kinachotumia dume mmoja kwa miaka mingi humpandisha juu ya mabinti zake, na ndama wa namna hiyo hudhoofu hata wakilishwa mashudu.