Dondoo Muhimu: Kupimwa Kumbukumbu na Kushiriki Utafiti

Mzee wa Kariakoo anayepelekwa hospitali ya Muhimbili, Upanga, kwa ajili ya kupimwa kumbukumbu huhitaji kusindikizwa na mtu anayeishi naye, kwa kuwa daktari hutegemea maelezo ya anayemwona kila siku ili kujua kama usahaulifu ulianza ghafla au taratibu, na kama umevuruga shughuli alizozimudu zamani, mathalani kurudisha chenji dukani.

Dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili na zile za mafua au usingizi zilizonunuliwa bila cheti cha daktari, zibebwe, kwani baadhi huchanganya akili. Aidha kaswende, upungufu wa vitamini B12 na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, huweza kufanana na demensia, ambayo ni kuporomoka kwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri kupita uzee wa kawaida.

Kutojua kusoma si kikwazo: kipimo cha IDEA, kilichotokana na utafiti wilayani Hai, humtaka mzee ataje wanyama, aeleze daraja ni nini na apange njiti za kiberiti. Ndugu anayemnong'oneza majibu, hata kwa nia njema, humharibia.

Akiombwa kushiriki utafiti, kwanza aulize kama una kibali cha maadili, kama kile kinachotolewa kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ndipo atoe ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa lengo na hatari zake. Asiyejua kuandika hutia dole gumba mbele ya shahidi. Anayekataa, au anayejitoa katikati, hapotezi haki yake ya kutibiwa.