Kabla Mtambo wa Kuchimba Haujafika Kijijini

Mradi wa maji wa kijiji una awamu mbili. Ya pili ndiyo inayopigwa picha: mtambo umesimama, maji yanaruka juu, mgeni rasmi anakata utepe. Ya kwanza haina picha, na ndiyo inayoamua kama miaka mitatu baadaye koki zitakuwa zinatoa maji au zimefungwa kwa waya. Nimeratibu miradi ya namna hii katika vijiji vya Dodoma, na hapa nazungumzia hiyo awamu ya kwanza tu: nani wa kumwona, aonwe lini, na uwe na watu gani upande wako.

Wilayani hakuna njia ya mkato. Unaripoti kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na kwa Meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Huyu wa tatu ndiye wengi wanayemruka. Tangu ipitishwe Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, si idara ya maji ya halmashauri kama zamani, lakini bado utakuta shirika limemaliza mipango yake yote halmashauri likidhani kazi imeisha. Ukifika kwa Meneja, usianze na mradi wako. Uliza kwanza kijiji hicho kimo kwenye bajeti ya nani, kisha omba kukaa na fundi aliyedumu pale muda mrefu kuliko wote. Yeye anakumbuka ni wapi pamewahi kuchimbwa pakatoka vumbi, na ni wapi maji yalipatikana yakawa na chumvi hata mbuzi wakayakataa. Kumbukumbu hiyo mara nyingi haimo kwenye faili lolote. Wakati huohuo peleka maombi ya kibali kwenye bodi ya maji ya bonde lako, maana kibali hakingoji ratiba ya mfadhili.

Kisha unashuka: Diwani, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, Mwenyekiti wa Kijiji, wenyeviti wa vitongoji. Kila ofisi unasaini kitabu cha wageni na kuacha nakala ya barua ya utambulisho. Wapo wanaoona huu ni urasimu. Mimi naona ni bima ya bei rahisi, kwa sababu siku mtu akiuliza "hawa wamepitia wapi?", jibu liko kwenye vitabu vyao wenyewe.

Ila angalia kalenda. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao mara ya mwisho ulikuwa Novemba 2024. Diwani huchaguliwa mwaka unaofuata, kwenye uchaguzi mkuu. Mtendaji hachaguliwi kabisa: ni mwajiriwa, anaweza kuhamishwa wiki yoyote. Kwa hiyo makubaliano yaliyo kichwani mwa kiongozi mmoja hayana umri. Kila jambo la maana liingie kwenye muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, wenye sahihi na mhuri, nawe ubaki na nakala.

Mpaka hapo umewaona wenye ofisi. Hao si wagumu. Kazi iko kwa wasio na ofisi, hasa wale ambao maji yakitoka wao wanapoteza.

Yuko kijana anayebeba madumu kwa punda au pikipiki na kuuza nyumba kwa nyumba. Yuko mwenye kisima chake cha mkono ambaye kiangazi ndio msimu wake wa mavuno. Wako wafugaji wanaojua kwamba ukijengwa mradi "wa watu", ng'ombe watafukuzwa. Hakuna hata mmoja wao atakayesimama mkutanoni kupinga maji safi. Watapiga makofi pamoja na wengine. Halafu bomba litakatwa usiku, na hakuna aliyeona.

Nawafuata nyumbani, mmoja mmoja, bila gari kubwa na bila karatasi. Naanza na shikamoo, napokea kigoda, na swali langu ni moja: maji yakija, wewe itakuwaje? Majibu huwa ya wazi kuliko unavyotarajia. Wafugaji mara nyingi wanataka mbauti za kunyweshea mifugo, mbali kidogo na vilula vya watu. Ziwemo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Ukisema zitaongezwa baadaye wanajua maana yake. Muuza madumu naye bado ana soko kwenye kaya zilizo mbali na kilula, akikubaliwa kujaza kwa bei ileile ya wengine. Pengine ndiye anayefaa kusimamia kilula, kwani anajua kuhesabu madumu na kudai hela yake. Mwenye kisima ndiye mgumu kuliko wote, na sina dawa ya uhakika kwake zaidi ya kumwambia ukweli mapema, ajue kiangazi kinachofuata hakitafanana na kilichopita.

Mwenye shamba litakapochimbwa kisima anataka uangalifu wa pekee. Atakwambia "chukua tu, ni maji ya wote," na atakuwa anasema kweli. Lakini shamba si lake peke yake. Mkewe na watoto wake watu wazima wasaini, eneo lipimwe, mipaka ioneshwe mbele ya majirani, na yote yaingie kwenye muhtasari. Migogoro ninayoijua haikuanzishwa na aliyetoa ardhi. Ilianzishwa na warithi wake.

Wanawake nawatafuta alfajiri, kule korongoni wanakofukua mchanga kupata maji. Mkutanoni wanakaa nyuma na kusema machache. Pale korongoni, wakingoja ndoo ijae, wanachora ramani nzima ya kijiji kwa kidole mchangani. Bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, mkiweka bomba pale ofisi ya kijiji mmewawekea wanaume wa kijiweni. Sisi tunakaa huku." Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha mita 400 kutoka kwenye kaya, lita 25 kwa mtu kwa siku, na watu 250 kwa kituo. Chukua kipimo hicho, tembea kwa miguu na wanawake wawili watatu, uone bibi yule alikuwa na hoja au hakuwa nayo. Huwa anayo.

Baada ya hayo ndipo unaomba mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote wenye miaka 18 na zaidi. Usiwe siku ya mnada wala wakati wa palizi. Na pasiwe na habari mpya: aliye na neno zito uwe umeshalisikia kwake nyumbani. Suala la posho limalizwe mapema na kwa kauli moja. Msimamo wangu ni nauli kwa wanaotoka vitongoji vya mbali, na hakuna posho ya kujadili maji yako mwenyewe. Utalaumiwa siku mbili tatu, yatapita.

Timu naipenda ndogo: mratibu, mhandisi, mtu wa fedha na ununuzi, na mhamasishaji jamii. Huyu wa mwisho aajiriwe kwanza, miezi kabla ya mhandisi, na awe anazungumza Kigogo, si Kiswahili cha semina. Ongeza Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, maana yeye atakuwepo mfadhili akishaondoka. Kwa upande wa kijiji, kuna chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi wanakiita CBWSO tu. Hicho ndicho kitakachoendesha mradi, hivyo watu wake wawe kazini tangu shimo la kwanza la bomba. Kwa ufundi namtafuta mwenye familia na shamba pale pale. Kijana hodari asiye na kinachomshika atakuwa Dar es Salaam kabla pampu haijazeeka. Kwa hela natazama vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA. Mama aliyetunza sanduku la kikundi miaka mingi na bado anasalimiwa na kila mtu hahitaji usaili mrefu.

Kisha andikeni ukurasa mmoja: nani anaamua, nani anasaini, mkandarasi anapokea maagizo kwa nani. Msipoandika, Diwani atapita siku moja aseme kilula hiki kisogezwe pale, na mkandarasi atakisogeza. Kundi la WhatsApp ni la kupeana taarifa. Uamuzi unakaa kwenye karatasi.

Bei ya ndoo ya lita 20 nayo ijadiliwe mapema, maji yakiwa bado ni ahadi. Mhandisi aeleze kwa lugha nyepesi pampu na paneli za sola zinahitaji nini kwa mwaka, fundi na mhasibu watalipwa nini, vipuri vitatoka wapi, kisha wananchi wagawe wenyewe kwa ndoo. Siku hiyohiyo waamue kuhusu wazee wasiojiweza, shule na zahanati: wanalipa au hawalipi, na kama hawalipi, nani anafidia.